Snokeli Ghuba ya Mnazi: mwongozo kamili unaoanza na mwezi, si na gari

Kila msimu napokea malalamiko yale yale kutoka kwa watu waliokwenda kuogelea Msimbati, kijiji cha pwani ya Mtwara, wakarudi wamevunjika moyo. Maji yalikuwa magotini. Maji yalikuwa ya udongo. Walisubiri hadi alasiri, na alasiri upepo ukaamka. Mtoto alikanyaga miiba ya viumbe wa mwambani. Wote hao walikuwa na gari zuri, chakula cha kutosha na miwani mipya. Walichokosa ni kujua bahari itakuwa wapi saa watakayofika.

Kosa hilo nimelifanya pia. Niliwapeleka ndugu zangu Jumapili moja, siku mbili baada ya mwezi mpevu, tukafika ufukweni saa nne asubuhi. Maji yalikuwa yamekupwa hadi mbali, nasi tukayafuata kwa miguu juu ya mwamba. Mpwa wangu alishinda akichomolewa miiba mguuni. Sisi watu wazima tulikuwa tumeponda matumbawe yaliyoanza kukua kabla yeye hajazaliwa. Mpaka leo nikikumbuka naumia, ndiyo maana naandika haya kwa kirefu.

Mwongozo huu ni wa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, mkoani Mtwara. Hifadhi hii ina ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi, nchi kavu ikiwemo, na inafika hadi mdomo wa Ruvuma mpakani na Msumbiji. Nimemlenga mtu wa safari ya siku moja au ya kulala usiku mmoja, anayefanya snokeli, yaani kuogelea juu ya maji kwa miwani na mrija. Wanaozama na mitungi ya hewa wana mahitaji yao mengine.

## Vitu vya kuandaa kabla ya yote

- Kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo. Ile ya Kiislamu iliyobandikwa ukutani inatosha.
- Miwani ya kuzamia inayofunika pua, pamoja na mrija wa kupumulia. Miwani midogo ya bwawani haifai, kwa sababu pua ikibaki nje huwezi kusawazisha hewa na miwani itakubana macho.
- Mapezi ya miguuni. Ukikutana na mkondo, mikono peke yake haitakurudisha.
- Jaketi okozi la saizi yako, moja kwa kila mtu. Lijaribu nyumbani. La mtu mzima humtoka mtoto kichwani akitumbukia.
- Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana. Jua la Mtwara huunguza mgongo wa anayeelea kifudifudi bila yeye kuhisi, maana maji yanampoza. Nguo pia inaokoa matumbawe, kwani mafuta mengi ya kujikinga na jua yana kemikali zinazoyadhuru. Dada zangu wanaojisitiri huvaa ushungi wa kitambaa chepesi unaobana kichwa, na mkanda wa miwani hukaa juu yake vizuri ikiwa kitambaa hakipiti chini ya mpira wa miwani.
- Viatu vya mpira vya kuvukia ufukweni.
- Maji ya kunywa, lita 3 kwa mtu kwa siku nzima.
- Chupa ya chai yenye maji ya moto. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya 8.
- Kitambulisho cha taifa au pasipoti, fedha taslimu, na simu iliyojaa chaji ndani ya mfuko usioingiza maji.

Jinsi ya kupima miwani: ibandike usoni bila kupitisha mkanda kichwani, vuta hewa kwa pua, kisha achia mikono. Ikibaki imeshika, ni saizi yako. Ikianguka usiinunue hata kama ni ya bei ya kutupa. Wenye sharubu nene wapake mafuta ya mgando kidogo juu ya mdomo, la sivyo maji yatapenya hapo.

## Hatua ya 1: Chagua msimu

Unataka vitu viwili kwa pamoja: upepo mdogo na mto usiomwaga udongo.

Kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma kwa nguvu kuanzia Mei au Juni hadi Agosti, na bahari ya nje huchafuka. Mvua za Mtwara huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Hapo Ruvuma hujaa na kuleta maji ya kahawia baharini, na kadiri ulivyo karibu na mdomo wa mto ndivyo utakavyoona kidogo.

Kwa hiyo dirisha zuri ni mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Novemba, kusi inapolegea na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, haijashika. Maji huwa yanaanza kupata joto, na kipindi hicho nyangumi wenye nundu bado wapo pwani hii na watoto wao. Ukimwona mmoja akitoa mvuke mbali, mwombe nahodha apunguze mwendo, asimfukuze.

Aprili mimi siendi. Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, jirani kabisa na mpaka wetu, na Mtwara yote iliwekwa kwenye tahadhari.

## Hatua ya 2: Chagua siku kwa kuhesabu mwezi

Hapa ndipo safari nyingi hufia. Soma taratibu.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, nayo maji hupanda sana na kushuka sana. Hiyo ndiyo bamvua: tofauti kati ya kujaa na kukupwa huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hukinzana na tofauti hushuka hadi kama mita 1. Hayo ni maji mafu.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba saa nazo hujirudia. Kwetu huku, siku za bamvua maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kati ya saa nne na saa sita mchana.

Sasa hesabu. Tarehe 1 ya mwezi mwandamo na tarehe 15, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Siku hizo kina mama wa Msimbati hushuka mwambani kutafuta pweza kwa sababu mwamba umeachwa wazi. Siku nzuri kwa pweza ni siku mbaya kwa snokeli ya asubuhi. Wewe tafuta tarehe 7 hadi 9, au 22 hadi 24.

Kwa nini maji mafu, wakati bamvua ndiyo yenye maji mengi zaidi? Sababu ni tatu. Kwanza, mkondo huwa dhaifu, maana maji machache ndiyo yanayoingia na kutoka kwenye ghuba. Pili, maji yasiyokimbia hayatifui mchanga, kwa hiyo unaona mbali. Tatu, kujaa kwake huangukia asubuhi ya katikati, jua likiwa juu vya kutosha kuangaza chini na upepo wa mchana haujaanza.

Ukishapata tarehe, hakiki saa kwenye jedwali la maji la Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, au mpigie mvuvi yeyote wa Msimbati umuulize, "Siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?" Atakujibu bila kufungua kitabu.

Mpango wako uwe huu: kuingia majini saa moja kabla ya maji kujaa, na kutoka yanapoanza tu kukupwa. Maji yanayojaa hutoka bahari kuu na ni meupe. Yanayokupwa hutoka mikokoni yakiwa na tope, tena hukusukuma kuelekea nje. Ukiikosa saa hiyo, usijiambie utaogelea tu baadaye.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kuandika sentensi moja: "Tarehe fulani, maji yanajaa saa nne na nusu, naingia saa tatu na nusu, natoka saa tano kasorobo." Kama sentensi hiyo huna, usikodi gari bado.

## Hatua ya 3: Jipime Mtwara mjini kwanza

Wiki moja kabla, nenda ufukwe wa Shangani maji yakiwa yamejaa, ukiwa na mwenzako. Elea chali dakika 5 bila kushika kitu. Kisha vaa miwani na mrija, lala kifudifudi kwenye maji ya kifuani na pumua taratibu kwa mdomo hadi moyo utulie. Jaza mrija maji kwa makusudi, kisha yatoe kwa pumzi moja kali, "tuh!" Fanya hivyo mara kumi.

Asiyejua kuogelea anaweza kwenda pia, mradi avae jaketi okozi muda wote na ashike kamba ya boya linalovutwa na mwenyeji. Asivue jaketi ili "apige picha moja tu".

Onyo kwa vijana wenye nguvu: usivute pumzi nyingi za haraka haraka kabla ya kujizamisha. Kufanya hivyo hupunguza hewa chafu mwilini, na hewa hiyo ndiyo inayouamsha ubongo udai pumzi. Unaweza kuzimia chini ya maji bila kuhisi dalili yoyote. Pumzi mbili za kawaida, unashuka, unapanda.

## Hatua ya 4: Kiingilio na idhini

Eneo hili linalindwa kwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29 ya mwaka 1994, na kila mgeni hulipa kiingilio. Mtanzania na mgeni wa nje hulipa viwango tofauti, kwa hiyo kitambulisho kiwe mkononi. Piga simu ofisi ya hifadhi siku chache kabla ili ujue kiwango cha sasa na namna ya kulipa. Omba namba ya malipo ya serikali na ulipie ukiwa mjini, ambako mtandao hausumbui. Stakabadhi itunze, utaulizwa.

Katika simu hiyo hiyo uliza maswali mawili zaidi. Je, eneo unalokusudia liko kwenye kanda inayoruhusu kuogelea? Hifadhi imegawanywa kwa kanda, na si kila mwamba uko wazi kwa kila shughuli. Na je, hali ya usalama upande wa mpakani ikoje wiki hii? Tangu mwaka 2017 Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, imekuwa na mashambulizi ya silaha, na kuna doria upande wetu. Ukiambiwa usisogee kusini, usisogee. Uzuri wa Ruvula, mahali tutakapoogelea, hauko mpakani.

## Hatua ya 5: Safari

Kutoka Mtwara mjini hadi Msimbati ni kama kilomita 40, kwa njia ya Mangamba na Madimba. Wakati wa mvua barabara huharibika, kwa hiyo ondoka saa kumi na mbili asubuhi, usifikirie kilomita bali fikiria matope. Abiria wa daladala walale Msimbati usiku wa kuamkia siku yenyewe. Gari la asubuhi halikungoji wewe, na bahari nayo haikungoji.

Kutoka Msimbati hadi Ruvula, kwenye ncha ya rasi, kuna kilomita kama 7 za njia ya mchanga. Wenye magari ya kuvuta magurudumu yote hupenda kupita ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Mimi nakushauri usipite huko. Kasa hutaga kwenye fukwe za aina hii, na gurudumu likipita juu ya kiota hushindilia mchanga, watoto wakashindwa kutoka. Tumia njia ya ndani.

## Hatua ya 6: Kupatana na nahodha

Vaa heshima kijijini. Khanga au kikoi juu ya nguo za kuogelea mpaka ufike kwenye boti. Ikiwa ni Ijumaa, panga kumaliza kabla ya swala ya adhuhuri.

Mazungumzo yasianze na bei. Mimi huanza hivi:

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba. Karibu."

"Asante, mzee. Tuko wanne, mmoja hajui kuogelea. Tunataka kuona matumbawe, maji yakiwa yamejaa. Leo wewe ungetupeleka wapi?"

Jibu lake litakuambia mengi kuliko chombo chake. Nahodha mzuri atauliza nani hajui kuogelea, atatazama upepo, kisha atataja sehemu na saa. Anayesema "popote tu, muda wowote" mshukuru, tafuta mwingine.

Kabla ya kulipa chochote, thibitisha haya: boti ya faiba ina mashine iliyowashwa mbele yako, ndoo ya kukumba maji, kasia au pondo (mti mrefu wa kusukumia chombo), na msaidizi mmoja. Mweleze kwamba yeye atabaki ndani ya boti muda wote mtakaokuwa majini. Akishuka naye kuvua, hakuna wa kuwafuata mkisukumwa na mkondo. Mkubaliane pia kuhusu nanga: boti ifungwe kwenye boya la kuegeshea kama lipo, la sivyo nanga itupwe mchangani, kamwe si juu ya mwamba. Nanga moja ikiburuzwa dakika tano hubomoa kilichojengwa miaka mingi. Tumbawe la bonge hukua milimita chache hadi sentimita moja hivi kwa mwaka.

Angalia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi hiyo hiyo. Ikiwa kuna angalizo la upepo mkali au mawimbi, ahirisha, hata kama umeshalipa.

## Hatua ya 7: Majini

Temea mate ndani ya vioo vya miwani, sugua, suuza kidogo. Mvuke hautashika.

Ingia kutoka kwenye boti kwa kukaa ukingoni na kuteleza, usiruke. Kisha fanya jambo moja ambalo wengi huliruka: tulia palepale dakika moja, ukitazama kitu kimoja chini. Kama unasogea bila kupiga mapezi, kuna mkondo, na sasa unajua unaelekea wapi. Anza safari yako kuukabili mkondo huo, ili ukichoka ukusukume kurudi botini. Anayeanza kwa kwenda nao hufurahia dakika kumi za kwanza, kisha hupambana nusu saa nzima.

Ruvula mwamba huanza karibu na ufukwe, halafu chini hukatika ghafla kuwa kilindi. Ukiona rangi imegeuka kutoka kijani kuwa buluu nzito, ndio ukingo. Ogelea kando yake upande wa kina kifupi, wawili wawili, na kila mara mnapoinua kichwa mtafutane kwa macho.

Lala bapa. Aliyesimama wima majini ndiye anayepiga matumbawe kwa mapezi. Ukihitaji kurekebisha miwani, lala chali na ufanyie juu.

Usilishe samaki, wala usikimbize chochote. Elea tu, nao watakuzoea. Ukisikia sauti kama mtu anatafuna barafu, huyo ni pono anamenya mwamba. Mchanga mweupe anaoutoa nyuma yake ni sehemu ya ufukwe utakaoukalia mchana. Kitatange watapita wawili wawili. Kwenye majani ya bahari tazama kwa subira, kasa huja kula hapo. Ukimwona, mwache apande kuvuta pumzi bila wewe kuwa juu yake.

Utajiri huu una asili yake. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hupiga pwani jirani na hapa, ukagawanyika: tawi moja kaskazini kuja kwetu, jingine kusini Msumbiji. Mayai na viluwiluwi vya matumbawe na samaki huchukuliwa na mkondo huo hadi miamba ya mbali. Jiwe unalolikanyaga Ruvula linaweza kuwa mama wa mwamba wa sehemu usiyowahi kufika.

Matumbawe meupe pee si mazuri, ni wagonjwa. Maji yakizidi joto, matumbawe hufukuza mimea midogo inayoyalisha, kama ilivyotokea pwani yetu mwaka 1998. Ukiyaona, piga picha, kumbuka mahali, waambie ofisi ya hifadhi.

Usitoke na kitu. Si kome, si kiti cha pweza (nyota wa bahari), si kipande cha tumbawe lililokufa.

Umefaulu ikiwa dakika 45 zimepita, hujagusa chini hata mara moja, na pumzi yako ni ya mtu aliyelala.

## Hatua ya 8: Mambo yakienda kombo

Kikande mkubwa anakujia. Analinda kiota. Eneo lake hupanda juu kama faneli, kwa hiyo usikimbilie juu ya maji. Ondoka kwa ubavu, mapezi yakiwa kati yako na yeye.

Miiba myeusi mirefu kama sindano imekuingia. Hukatika ndani. Toa inayoonekana, usichimbe kwa kisu. Iliyobaki kwa kina mwachie daktari.

Samaki mwenye sumu, kama chale, samaki-jiwe au taa, amekuchoma. Ndipo ile chupa ya chai inapofanya kazi. Maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yaliyopimwa kwanza na mkono wa mtu asiyeumwa, tumbukiza sehemu iliyochomwa kwa dakika 30 hadi 90. Sumu hiyo hudhoofishwa na joto. Kisha hospitali ya rufaa ya Ligula, bila kungoja kesho.

Kome mwenye umbo la pia, mwenye michoro mizuri. Huyu ana sumu, na huua watu kwa sababu uzuri wake huwafanya wamshike. Wafundishe watoto kabla ya kutoka nyumbani: kome hawashikwi.

Mkondo umekuchukua. Usishindane nao. Inua mkono mmoja wima, pumua, elea. Nahodha aliyebaki botini atakuja.

## Hatua ya 9: Ukishatoka

Kunywa maji kwanza, picha baadaye. Suuza miwani na mrija kwa maji yasiyo na chumvi, vianikwe kivulini kwa sababu jua hukausha mpira ukapasuka.

Mlipe nahodha mlichopatana, na mnunulie chakula kijijini badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini. Kijiji kinachopata riziki kwa samaki aliye hai kina sababu ya kumlinda. Takataka zenu rudini nazo Mtwara.

Kabla hujawasha gari, andika kwenye daftari: tarehe ya mwezi mwandamo, saa maji yalipojaa kweli, uliona umbali gani, mkondo ulielekea wapi. Kisha mwulize nahodha angechagua siku gani mwezi ujao, na uiandike chini yake.